Mfano wa Reli ya Magogo

Mtu asafiriye kati ya Kitale na Webuye, akipitia upande wetu wa Ndalu, huona mashamba ya mahindi yaliyotandazwa kama mkeka, na hapa na pale safu za mikaratusi mirefu. Ni wachache wajuao kwamba mti huu, ambao asili yake ni Australia, ulianza kupandwa Kenya mnamo mwaka 1902 kwa ajili ya gari la moshi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi injini zake zilikula kuni. Misitu ya asili iliyokuwa kando ya njia haikuweza kuzishibisha, na wakubwa wa reli wakatafuta mti uotao upesi. Hivyo reli ilikata miti, ilipanda miti, na ilibeba miti. Habari za reli na habari za misitu katika Afrika ya Mashariki zimeshikamana kama uzi na sindano, wala huwezi kuisoma moja ukaiacha nyingine.

Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, njia moja ya kujifunza habari hizo kwa mikono pamoja na macho. Tutajenga mfano mdogo wa reli ya magogo, mfano uwezao kukaa juu ya meza ya darasa. Usidhani kuwa jambo hili ni mchezo wa watoto. Huko Ujerumani kampuni ya Märklin ilionyesha mwaka 1891, katika maonyesho ya Leipzig, magari ya moshi madogo ambayo upana wa reli zake ulipimwa kwa kanuni, na tangu wakati huo watu wazima wa nchi nyingi wametumia saa zao za mapumziko kutengeneza mifano ya reli za kwao. Wengine kati yao wanajua habari za reli moja ndogo kuliko wanavyozijua wanahistoria. Sisi nasi hatukosi ujuzi. Kijana wa Ndalu aliyekwisha kutengeneza gari la nyaya, lenye usukani ugeukao na magurudumu yaviringikayo, amekwisha kuwa fundi wa kazi hii kwa nusu yake. Nusu iliyobaki ni kupima na kuuliza.

Swali la kwanza ni hili: tujenge mfano wa reli gani? Reli iliyo karibu nasi ni ile iliyofika Eldoret mwaka 1924, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Lakini reli hiyo ilijengwa hasa kwa ajili ya mashamba ya walowezi, ipeleke mahindi na mazao mengine pwani. Mbao zilikuwa mzigo mmoja kati ya mizigo mingi. Tukitaka kuiona reli ambayo roho yake yote ilikuwa katika magogo, hatuna budi kusafiri kwa fikira hadi milima ya Usambara, katika Tanzania ya leo, tuitazame reli ya Sigi.

Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Upana wake, yaani nafasi iliyo kati ya chuma kimoja na cha pili, ulikuwa mita 1. Karibu na Muheza palikuwa na kituo kiitwacho Tengeni, na kutoka hapo kampuni ya Kijerumani ya mbao ilitengeneza, kati ya mwaka 1904 na mwaka 1910, reli nyingine nyembamba ya kupanda katika bonde la mto Sigi. Upana wa reli hiyo ulikuwa sentimita 75 tu, na urefu wake kama kilomita 23. Ilikomea Sigi, chini ya mlima wa Amani. Kazi yake ilikuwa kuteremsha miti mikubwa ya msitu wa Usambara ya Mashariki, na hasa mvule, ambao mbao zake ni ngumu, nzuri, na hazishambuliwi upesi na mchwa. Leo hakuna gari lipitalo njia hiyo. Nyumba ya zamani ya msimamizi wa kituo cha Sigi imekuwa mahali pa kuwapokea wageni wa hifadhi ya Amani, na wengi waingiao mlangoni hawafikiri kwamba hapo palikuwa na mlio wa injini na harufu ya magogo mabichi.

Sasa tushike kipimo. Chagua kipimo cha 1 kwa 100, kwa maana hakina taabu ya hesabu: mita 1 ya kweli ni sentimita 1 ya mfano. Reli ya Sigi, yenye sentimita 75, itakuwa na milimita 7 na nusu. Reli ya Usambara, yenye mita 1, itakuwa na milimita 10. Mtu mzima atakuwa na urefu wa milimita 17 hivi, na mvule wa mita 40 utakuwa mti wa sentimita 40. Watu wengi, wakiisha kuchonga mti wa kwanza na kumsimamisha mtu wa kwanza chini yake, hunyamaza kidogo. Kitabu kinaweza kukuambia kwamba mti ulikuwa mkubwa. Hapa unaona kwamba aliyeukata alikuwa mfano wa siafu miguuni pa mtu.

Lakini hesabu hiyo hiyo italeta shida. Kilomita 23 kwa kipimo chetu ni mita 230, na hakuna darasa lenye meza ya urefu huo. Yatupasa kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi kubwa ya mwanahistoria. Hata yeye aandikaye kitabu hawezi kuweka kila siku ya kila mwaka. Huchukua machache, na kwa hayo machache huonyesha mengi. Mimi nashauri tuchukue mahali patatu tu: kituo cha Tengeni, kipande cha mlima, na mwisho wa njia msituni. Ubao mmoja wa mita 2 kwa mita 1 watosha kwa hayo yote.

Tuanze Tengeni. Hapo weka reli mbili sambamba, moja ya milimita 10 na ya pili ya milimita 7 na nusu. Utaona mara moja jambo ambalo ramani ya kitabu haionyeshi: behewa la reli nyembamba haliwezi kupita katika reli pana. Kila gogo lililoteremka kutoka mlimani lilibidi lihamishwe hapo kutoka behewa moja hadi jingine kabla ya kwenda Tanga. Kwa nini basi mafundi hawakutumia upana mmoja? Jibu ni fedha na mlima. Reli nyembamba huhitaji tuta dogo, chuma chepesi na madaraja mafupi, tena huweza kukata kona kali penye mabonde. Kampuni iliona afadhali kuvumilia gharama ya kuhamisha mizigo Tengeni kuliko gharama ya kuchonga njia pana mlimani. Ukiisha kuelewa hilo, umeelewa habari za reli nyingi ndogo za ulimwengu, maana katika Marekani, India na Ulaya pia watu wa misitu walifanya hesabu ile ile.

Sasa twende mlimani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa wepesi, na kwa sababu hiyo hiyo huteleza kwa wepesi. Gari la moshi halipendi mlima mkali. Tuseme injini yetu yaweza kupanda mita 4 katika kila mita 100, jambo ambalo ni kazi ngumu kwa injini yoyote. Katika ubao wetu wa mita 2, hiyo ni sentimita 8 tu tangu mwanzo hata mwisho. Mlima wako utakuwa kichuguu! Basi fundi afanyeje? Hufanya njia ya kwenda na kurudi. Gari hupanda kuelekea kulia mpaka mwisho wa kipande. Huko husimama, njia hugeuzwa, kisha gari hupanda kinyumenyume kuelekea kushoto, na baadaye tena kuelekea kulia. Kwa vipande vitatu vya mita 2 unapanda karibu sentimita 24 mahali pale pale palipokuwa pakitoa sentimita 8. Njia ya namna hii ilitumika katika reli ya Sigi. Ijenge kwa udongo wa mfinyanzi, au kwa karatasi za magazeti zilizolowekwa katika uji mwepesi wa unga na kubandikwa juu ya maboksi, kisha sukuma behewa lako kwa kidole. Utaelewa kwa nini safari ya kilomita chache ilichukua muda mrefu.

Hapo utagundua jambo la pili. Mzigo wa reli ya magogo huteremka, na mabehewa matupu ndiyo yapandayo. Kwa hiyo injini ndogo yatosha, kwa kuwa mlima wenyewe unasaidia kubeba. Lakini msaada huo una hatari yake: gari lililobeba magogo, likikosa breki, halina wa kulizuia. Katika reli kama hizi maisha ya watu yalikuwa mikononi mwa waliozikaza breki za mabehewa. Tengeneza watu wawili wa milimita 17, uwaweke juu ya mabehewa ya magogo, usiwasahau.

Kazi inayofuata ni kutandika mataruma. Njiti ya kiberiti inafaa. Ikikatwa kwa wembe hutoa mataruma mawili ya milimita 15 na kubakiza kipande. Yapange kwa nafasi ya milimita 7 kati ya moja na jingine, uyabandike kwa gundi, na juu yake ulaze nyaya mbili zilizonyoshwa. Kwa kipande kimoja tu cha mita 2 utahitaji mataruma 280 na zaidi. Ifanye kazi hii mwenyewe, usimwachie mwenzako, kwa sababu somo liko katika kuchoka kwake. Vidole vikianza kuuma, chukua kalamu upige hesabu: kwa nafasi hiyo hiyo, reli ya kilomita 23 ilihitaji mataruma zaidi ya 32,000. Kila moja liliinuliwa na watu, likachukuliwa na watu, likalazwa na watu, juu ya tuta lililochimbwa na watu, katika bonde lenye mvua nyingi na homa.

Watu hao walikuwa nani? Vitabu vingi vya zamani vilieleza kwamba reli ilijengwa na Wajerumani, kana kwamba Wajerumani ndio walioshika jembe na sururu. Wakuu wa kazi na wapimaji walikuwa Wazungu, lakini mgongo wa kazi ulikuwa wa Waafrika: wenyeji wa Usambara na nchi ya Wabondei, na pia watu waliotoka mbali, kama Unyamwezi na Usukuma. Si wote waliokuja kwa hiari. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilimlazimu mtu kutafuta fedha. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, na asiyeitimiza aliweza kushurutishwa kufanya kazi za serikali. Kumbuka kwamba miaka hiyo ndiyo miaka ya vita vya Maji Maji, tangu 1905 hata 1907, ambavyo viliwaka kusini mwa nchi ile ile. Mzee wa Kenya aliyevaa kipande shingoni baada ya vita vya kwanza vya dunia angeitambua kadi ya Lushoto kuwa ndugu yake.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolitaka zaidi katika insha hii. Mfano wa reli una kishawishi kikubwa. Mkono hupenda kutengeneza vizuri, na jicho hupenda kuona vizuri. Utapenda kuipaka injini rangi ing'aayo, kupanda miti ya kijani kila mahali, na kuweka kituo safi chenye bustani. Wageni wa shule watakuja, watasifu, na kila mtu atarudi nyumbani ameridhika. Lakini mfano wa namna hiyo utakuwa umesema uongo, ijapokuwa kila kipimo chake ni sahihi. Reli ya magogo haikupita kwenye msitu kama mgeni apitaye uani. Iliingia ili ikate. Kwa hiyo mwisho wa njia lazima uwe na visiki. Visiki huweza kutengenezwa kwa vipande vya magunzi ya mahindi, na ardhi iliyo tupu kwa unga wa mbao uliochanganywa na rangi ya udongo. Weka pia kambi ya wafanya kazi, yenye vibanda vya nyasi, na moto, na mgonjwa aliyelala. Weka wachukuzi wanaohamisha gogo Tengeni. Asiyeonyesha watu hao ameifuta kazi yao mara ya pili.

Wala usiseme uongo kwa upande mwingine. Msitu haukukatwa wote. Pale pale juu ya reli, Amani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, na bustani yake ilikusanya mimea ya nchi nyingi za joto. Katika misitu ile ile palipatikana ua dogo la urujuani ambalo leo limejaa madirishani mwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1893 wataalamu waliliandika kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkubwa wa serikali ya Kijerumani upande wa Tanga. Hivyo taifa moja, kwa wakati mmoja, lilituma mtu mmoja mwenye shoka na mwingine mwenye daftari katika msitu mmoja. Historia imejaa mambo ya namna hiyo, na mfano wako waweza kuyaonyesha kwa kuweka kisiki na ua katika shubiri moja ya ardhi. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi, na mto Sigi unaotoka huko ndio unaoupa mji wa Tanga maji yake ya kunywa.

Ukitaka kulinganisha, tazama Usambara ya Magharibi. Huko Shume mlima ulikuwa mkali hata njia ya kwenda na kurudi haikufaa, na kampuni nyingine ilitundika kamba za chuma hewani, kama kilomita 9, kutoka Mkumbara kwenye reli kuu hadi juu, mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kamba hizo ziliteremsha mbao za mtarakwa, ambao ni mwerezi wa Afrika. Mti huo hupasuka laini, na kwa sababu hiyo ulitakiwa sana na viwanda vya penseli. Fikiri jambo hilo kila unapochonga penseli ya kuchorea ramani ya mfano wako.

Huenda utauliza: habari za Tanga zatuhusu nini sisi wa Ndalu? Zatuhusu sana. Ndalu ilikuwa sehemu ya nchi ya walowezi, na baada ya mwaka 1962 mashamba yaligawanywa ili Waafrika wapate makao. Waliohamia walikuta nchi iliyokwisha kupimwa, kufyekwa na kuunganishwa na reli kwa kusudi la watu wengine, kama vile bonde la Sigi. Baadaye, katika miaka ya 1970, kiwanda cha karatasi kilijengwa Webuye kando ya reli, na misonobari ya Turbo ikawa chakula chake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, watu wengi walipoteza kazi, na mji mzima uliona kwamba miti, mashine na mishahara ni mnyororo mmoja. Juu yetu kuna Mlima Elgon na vilima vya Cherangany, vitoavyo maji ya mto Nzoia. Yeye aliyejenga kwa mikono yake mfano wa msitu uliokatwa, akauona mto wa karatasi ya buluu ukishuka kutoka kwenye visiki, hatahitaji kuambiwa mara mbili maana ya chemchemi.

Kwa hiyo, mkimaliza reli ya Sigi, msiivunje. Iwekeni ukutani, na mwaka unaofuata anzeni mfano wa reli ya kwenu, kutoka Eldoret hadi Kitale. Vitabu havitawatosha. Itawabidi kwenda kwa wazee mkawaulize kwa adabu: Mzee, gari lilisimama wapi? Lilibeba nini? Nani alipakia magunia, naye alilipwa nini? Wapi palikuwa na msitu ambapo leo pana shamba? Andikeni kila jibu pamoja na jina la mahali na mwaka, na majibu yakigongana, yaandikeni yote mawili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na habari za watu wa kazi zimelala mvunguni siku nyingi. Wazee wajuao habari hizo hupungua kila mwaka, na vyuma vya reli za zamani huuzwa kwa mizani. Ubao wa mita 2, gundi, njiti za kiberiti na kijana mwenye kuuliza vyaweza kuokoa sehemu ya yale ambayo mizani haiwezi kuyapima.